Mbegu iliyokuwa chini ya kiatu changu

Kosa ni langu, tena nililifanya nikitabasamu. Msinitafutie udhuru.

Nililelewa Kikatoliki, lakini kwa miaka kadhaa sasa natafakari kwa mantra, yaani neno takatifu ninalolirudia nikihesabu shanga, kama Wahindu wanavyofanya. Kila Jumamosi tunakaa watu saba sebuleni kwangu, hapa mtaani Bel-Air. Anayeanza namchagulia shanga za mbegu, maana kuchagua kunataka subira. Ziwe mia moja na nane, mbali na ile kubwa ya kichwa ambayo kidole hakiivuki. Mbegu zisiwe ndogo mno kwa vidole vyako. Uzi uwe mnene, wenye fundo baina ya kila mbegu na mwenzake, ili ukikatika zisimwagike zote.

Fundo hilo ndilo nililomnyima jirani yangu. Nitamwita Mama Béa; yeye huniita yaya, yaani dada mkubwa.

Kwenye sherehe ya ubatizo alinikejeli mbele ya wakwe zangu. "Mumwangalie yaya! Iko nahesabu bambegu sawa kuku!" Watu walicheka mpaka bia ikamwagika. Hata mume wangu! Nilicheka nao, nikaiweka kejeli hiyo moyoni.

Mwaka uliofuata alifiwa na mumewe, usingizi ukamkimbia. Akaja kwangu, sauti chini: "Yaya, unisamehe. Rozari inanishinda, nalia tu. Unichagulie shanga ya muzuri, pengine nitalala."

Ningeweza kukataa! Badala yake nilimkumbatia. Kisha nikazitunga mbegu kwa uzi wa cherehani, bila fundo hata moja. Nilijua jasho la vidole lingeula. Nilitaka ukatike mbele za watu.

Majuma matatu alikuja kukaa nasi, akinishukuru. "Yaya, nililala mpaka asubui! Aksanti mingi!" Ee Mungu wangu! Nilisikia hayo, na bado sikumwambia alete shanga nizitunge upya.

Jumamosi ya nne uzi ukakatika. Mbegu zikatawanyika kwenye sementi. Neno langu lilikuwa tayari mdomoni: "Haya, kuku, okota bambegu!"

Wote sebuleni walicheka. Niseme ukweli wote: nilifurahi! Mama Béa akapiga magoti, akaokota, akahesabu, akahesabu tena.

"Yaya, inabakia moja. Unisaidie."

Ilikuwa chini ya kiatu changu. Niliisikia kabisa. Sikuinua mguu.

Ndipo akauokota uzi wenyewe. Yeye ni mshonaji. Vidole vyake viliutambua kabla ya macho.

"Hii iko uzi ya shati, yaya. Ulijua."

Hakuna aliyecheka tena. Aliondoka, na kabla mwezi haujaisha wengine nao wakaondoka. Nimesikia usingizi umemkimbia upya. Mara mbili nimempelekea ile mbegu, pamoja na shanga mpya zenye mafundo. Hafungui mlango.

Nyinyi mnaofundisha wengine, mtu mliye na kinyongo naye akija kuomba, mwambieni hapana palepale mlangoni, akatafute kwa mwingine!

Na wewe unayechaguliwa shanga, usizisifu mbegu kwanza. Zisogeze, utazame uzi. Ukikuta hakuna fundo, muulize aliyekupa ulimkosea nini.