Kujiuzulu Kulivyofika Kinyangiri

Nilimwamini Waziri. Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili mbele ya wenzangu wa ofisini, mbele ya mume wangu, na mbele ya vijana wa chuo wanaokuja kuniuliza kazi ya habari ilikuwaje zamani. Nimekana zaidi ya mara tatu, na Singida haijawahi kupungukiwa majogoo. Mwandishi wa habari kumwamini mwanasiasa ni kama fundi cherehani kutembea na suruali iliyofumuka. Watu huuliza ulisomea nini.

Niliripoti kazini Singida mjini nikiwa na shahada, viatu vya kisigino, na imani kwamba mkoa mzima ulikuwa ukinisubiri. Afisa Habari wa Mkoa, mzee mkimya wa kaunda suti ya rangi ya majivu, aliipokea shikamoo yangu, akavitazama viatu vyangu, kisha akanionyesha kazi. Ilikuwa Landrova yenye vipaza sauti juu ya paa. Tuliliita gari la sinema. Mchana lilitangaza chanjo na mikutano. Jioni liliwaonyesha wanakijiji filamu za kilimo bora juu ya shuka jeupe.

"Wewe umesomea habari ya kuandika," aliniambia. "Hapa tuna habari ya kusema. Bibi wa Kinyangiri hasomi gazeti. Gari likiondoka, awe amejua nani kafanya nini."

"Na kwa nini, Mzee?"

"Hilo la kwa nini atakuuliza yeye."

Kazi yangu ya pili ilikuwa kupeleka habari Dar es Salaam. Uliomba laini kwa opereta wa posta, ukangoja, na ukiipata ulimsomea mhariri wa zamu sentensi moja moja, kwa sauti ya mtu anayemwita mbuzi aliye mlima wa pili. Lakini kabla ya kuomba laini, habari ilipita mezani kwa Afisa. Alikuwa na tabia ya kuilaza. Habari ikilala, alisema, ndipo unapojua kama ilikuwa hai.

Nilikuwa bado mgeni kazini Rais alipoanza ngwe yake ya pili. Redio ikatangaza kwamba amewataka mawaziri wote wajiuzulu, alisuke upya baraza lake. Manung'uniko yalikuwa mengi. Mashirika ya umma yalikuwa yakitafutiwa wanunuzi, na wafanyakazi walikuwa "wakipunguzwa", neno jipya la wakati ule, kana kwamba mtu ni chumvi kwenye mboga. Kwetu kilichokuwa kikisubiri mnunuzi ni kiwanda cha kukamua alizeti.

Mbunge wa upande wa Kinyangiri, ndiye Waziri ninayemsema, alikuwa mmoja wa mawaziri hao. Alirudi nyumbani kusubiri orodha mpya, akaomba gari letu limpeleke Kinyangiri azungumze na watu wake. Alikuwa amekulia mjini, na Kinyiramba chake kiliishia kwenye salamu. Mimi ni mzaliwa wa Kiomboi, nikapewa kazi ya kutafsiri.

Watu walikusanyika kwenye uwanja wa mnada. Kabla Waziri hajafika popote na hotuba yake, mama mmoja mtu mzima akasimama. Mwanawe alikuwa amepunguzwa kiwandani.

"Shikamoo, mama," Waziri akamwahi.

"Marahaba. Redio imesema mmejiuza."

Vijana waliokuwa wamepanda uzio wa mnada wakacheka.

"Si kujiuza, mama. Tumejiuzulu."

"Haya. Mmejiuzulu kwa nani? Kiwanda tumesikia anakuja Mhindi au Mzungu. Nyinyi kawanunua nani?"

Hakuwa na kejeli. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kikiuzwa, na kujiuzulu lilikuwa neno la redioni, halijawahi kufika Kinyangiri. Waziri akanigeukia. "Binti, hebu waeleze kwa lugha yetu."

Nikatafuta kitenzi nikakikosa. Kwetu mtu huondolewa kwenye kigoda na kifo, au na waliomchoka. Mwisho nikasema kwa Kinyiramba: ameinuka mwenyewe kigodani, hakuna aliyemsukuma.

Yule mama alikuwa bado amesimama.

"Mwanangu yeye alisukumwa," alisema. "Huyu ameinuka kwa nini?"

Nilimtafsiria Waziri. Akanyoosha mkono apewe kipaza sauti.

"Kwa sababu nilikaa pale kiwanda chenu kinatafutiwa mnunuzi na vijana wenu wanafukuzwa, nami sikusema neno. Nimeinuka. Hata nikiitwa tena, sirudi kukaa."

Nikatafsiri neno kwa neno, na sauti yangu ikapita juu ya paa za kijiji kizima. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama alivua khanga yake ya begani, akaitandika kwenye benchi.

"Basi kaa na sisi," akasema. Waziri akaketi juu ya khanga ile, akainamisha kichwa, na mimi nikamwamini.

Tuliporudi mjini niliiandika habari ile papo hapo. Afisa aliisoma akiwa amesimama.

"Nzuri. Ilale."

"Mzee, huyu ameapa mbele ya watu. Harudi."

"Umewahi kulima ngwe?" Ngwe ni kile kipande cha shamba anachopimiwa mkulima akimalize. "Mtu akimaliza ngwe ya kwanza hunyoosha mgongo, akasema sasa nabadili jembe. Mara nyingi hubadili mpini tu." Aliirudisha karatasi mezani. "Wamesikia kwa kinywa chako, binti, si chake. Ndiyo maana nakwambia ngoja."

Baada ya hapo nilihamishiwa Manyoni, kwa watu wa reli, kisha Dodoma chini ya mkurugenzi aliyesahihisha koma na kuacha uongo. Mwisho nikarudi Singida kukikalia kiti cha yule Afisa. Nimestaafu kwa hiari, kabla ya umri wa lazima. Mume wangu husema mimi ndiye pekee katika mkoa huu aliyewahi kuinuka mwenyewe kigodani, na kwamba ni kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa kibovu.

Vijana wakiniuliza habari za mawaziri wale, nimezoea kujibu kwamba sisi tulijua tangu mwanzo. Hatukujua. Nadhani hata yeye, alipokuwa ameketi juu ya khanga ile, alikuwa akisema kweli. Kinyangiri nilipita tena na gari la chanjo. Yule mama aliitikia shikamoo yangu, akanisogezea kiti, asiniulize chochote.

Asubuhi baada ya mkutano ule wa Kinyangiri niliwahi ofisini ili niombe laini. Simu ikalia kabla sijaigusa.

"Binti," ilikuwa sauti ya Waziri, "ile habari ya jana imeshakwenda?"

"Bado, Mheshimiwa. Ndiyo naomba laini."

"Usiombe."

Waya ulikuwa ukikwaruza.

"Nimeitwa," akasema.

"Umewajibuje?"

"Wewe umelelewa Kiomboi, mwanangu. Mtu akiitwa na mkubwa wake, hufanyaje?"

Afisa alikuwa mlangoni, kofia mkononi, akinitazama.

"Huitika, Mheshimiwa," nikasema.

"Basi."