Bustani Juu ya Paa la Mama Mkwe

Jamani, siku hizi mtaa wa mama mkwe napitia nyuma kama mwizi wa kuku, na ninyi mnaoniona msinicheke, hii aibu haifutiki.

Nyumba yake hapa Kilwa Masoko ina paa la zege, tambarare, na jua likiwaka sebule inageuka tanuri. Mimi fundi (wa kujiita, sasa nakiri) niliwahi kuona Dar jengo lenye majani mabichi juu ya paa, ndani baridi tele, basi nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama nitampandia bustani nusu ya paa, nusu ibaki zege, tulinganishe." Nikajenga kijiukuta katikati, nikapandisha udongo, nikaotesha majani na mchicha, na tundu la kutolea maji la upande ule nikaliziba kwa kiroba ili udongo usichukuliwe na mvua. Wale wa Dar walitandika nini chini ya majani yao, sikuuliza.

Na kweli upande wa bustani ukapoa! Kichwa kikanivimba. Ikafika hitima ya marehemu baba mkwe, ambayo mama aliiandaa tangu msimu wa korosho, nami kwa kimbelembele changu nikawapanga mashehe chini ya bustani: "Karibuni huku, huku kuna ubaridi." Wengine wakakaa chini ya zege tupu, wanajipepea.

Juzuu za Kurani zimeshagawiwa, watu wanamsomea marehemu, mvua hiyo ikashuka. Likadondoka tone moja, nikajifanya silioni. Halafu dari likatema tope, kwenye kofia ya shehe, kwenye kanzu na, yaa Rabbi, juu ya juzuu zilizofunguliwa. Upande wa zege tupu? Mkavu kabisa, maji yanateremka zake bombani.

"Okoeni juzuu! Tokeni!" shehe akapaza sauti, na hitima ikakatika hapo hapo, pilau hata halijapakuliwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ncha ya khanga mdomoni. Hakunitukana, laiti angenitukana! Alimgeukia mke wangu tu, akasema, "Baba yako hajasomewa."

Udongo nimeushusha wote, nyufa nimeziba, na nimeapa sitapandisha hata kopo la maua juu ya nyumba ya mtu, lakini itanisaidia nini? Hitima imerudiwa Ijumaa iliyopita, kwa jirani, nyumba ya mabati. Mke wangu alikwenda na watoto. Mimi sikuitwa.