Nielekeze Kwenu

Jumanne ya juma lililopita, asubuhi wakati watu wa Chiwanda wanaanika usipa, dagaa wa ziwani kwetu, tulimpoteza mzee mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua, na ambaye mimi nilimjua kwa sababu siku moja alikataa katakata kuwa mimi ni Mtanzania. Alikuwa mstaafu wa ofisi yetu ya ubalozi katika nchi moja jirani. Aliugua muda mfupi tu. Nilipopigiwa simu nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya kuku, nikaiweka chini, nikakaa juu yake bila kukumbuka kuwa ina maji. Mke wangu alinitazama nilivyolowa, akasema pole, kisha akaenda ndani kucheka. Simlaumu. Marehemu mwenyewe angecheka, tena bila kwenda ndani.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba kabla ya kuandika safu hii nilikuwa dereva wa malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na kwamba shule yangu iliishia darasa la saba. Safari moja nilivuka mpaka, nikashusha mzigo salama, nikalala nyumba ya wageni. Asubuhi koti halipo, na ndani ya koti kulikuwa na pasipoti, leseni na kitambulisho cha taifa. Mwajiri akatuma dereva mwingine kulirudisha gari, mimi nikapanda basi kwenda mji mkuu wa watu kuutafuta ubalozi. Ningeweza kuwa mtulivu, ila Jumamosi ile binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa. Kwetu baba ndiye humshika mkono binti na kumkabidhi, na baba asipokuwepo, baba mdogo huchukua nafasi. Mdogo wangu ni mtu mwema, ila anapenda mno nafasi za watu. Nikiwa ndani ya basi alinitumia ujumbe: "Kaka, usihangaike, suti yako nimeijaribu, imenikaa."

Nilikuwa nikidhani ubalozi ni bendera na gari jeusi. Nilichokikuta ni benchi. Kwenye benchi kulikuwa na kijana aliyefukuzwa chuo, mwanamke aliyejifungulia huko, na mtoto wake asiye na cheti, na ndugu wawili waliokuwa wanatafuta namna ya kusafirisha maiti ya kaka yao, wamekaa kama waliokuja kuomba radhi. Siku hiyo mtandao wa kuhakiki alama za vidole ulikuwa umelala, kwa hiyo kila asiye na karatasi alipelekwa kwa afisa mmoja mwenye miwani, karibu na kustaafu, mzaliwa wa huku kwetu ziwani. Ilimbidi awe mwangalifu, kwani wapo watu wa mataifa mengine wanaokuja kujifanya ndugu zetu ili wapate hati ya kusafiria. Zaidi ya fomu zote, alikuwa na njia yake moja ya kumpima mtu. Alikuwa anasema, "Nielekeze kwenu."

Mbele yangu alikuwa mama wa makamo wa kutoka Ruanda, ile ya kwetu Mbinga, si ile nchi, naye alielekeza. Alianzia kanisani, akapita kwa jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, akasimama kwa mganga aliyeponya wengine na kushindwa kujiponya jino, akageuka kwa shemeji yake ambaye hapiki mpaka wageni waondoke. Hakuwahi kufika kwake. Afisa aligonga muhuri mama akiwa bado njiani, akasema, "Inatosha, mama. Mtu wa kweli hawezi kuelekeza kwao bila kusengenya."

Zamu yangu ikafika. Nikamwamkia Shikamoo, ingawa nilidhani tunakaribiana umri, naye akaitikia Marahaba bila kusita. Nikamweleza habari ya koti na ya harusi ya Jumamosi. Kwa woga, na kwa kutaka kuonekana mtu wa maana, nikaelekeza kwa kifupi kama kibao cha barabarani: unapanda gari stendi ya Mbinga, unafuata lami ya kwenda Mbamba Bay, kabla ya kuanza kushuka ziwani unateremka, kwangu ni mkono wa kulia.

Akavua miwani. "Unafuata nini?"

"Lami, mzee."

"Lami ya Mbamba Bay?"

"Ndiyo, mzee."

"Bwana wee, barabara ile naijua kwa mgongo wangu. Nimelisukuma gari pale tangu nina nywele. Masika tulikuwa tunalala njiani na kuku wa watu. Umekosa uongo mwingine?"

"Mzee, imewekwa lami. Hata kwenye kona za kushukia."

"Kwenye kona!" Akawageukia watu wa benchi. "Mmesikia? Huyu hajawahi hata kufika Songea." Kisha akaniinamia kwa huruma, kama anayemshauri mwizi aokoke. "Mkataa kwao ni mtumwa, bwana."

"Mzee, mimi sijakataa kwetu. Wewe ndiye unakataa."

Benchi lote likaguna. Mama wa Ruanda, ambaye alikuwa na hati yake mkononi na hakuwa na sababu yoyote ya kubaki, akasema, "Mpigie mtu, baba, aone mwenyewe." Nikampigia mdogo wangu simu ya picha. Akatokea akiwa amevaa suti yangu, mchana ule wa Alhamisi, juu ya pikipiki.

"Ninyi ndio wenye harusi?" afisa akamuuliza.

"Ndiyo, mzee. Mimi ndiye baba wa bibi harusi." Akaniona pembeni. "Yaani, kaka asipofika."

"Nionyeshe barabara."

Akageuza simu, na lami ikaonekana, nyeusi, ina mstari mweupe katikati. Nilitegemea afisa aombe radhi. Yeye akasema, "Endelea kushuka." Mdogo wangu akashuka kona ya kwanza, suti inapepea. "Mzee, mafuta ni ya kuazima." "Shuka tu, mwanangu." Akashuka, sote tumeikodolea simu macho, mpaka ziwa likafunguka chini, na afisa akaisogeza simu karibu na uso. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Yule mama wa ndizi, wa pale konani, yupo?" Mdogo wangu akasimamisha pikipiki. "Alifariki, mzee. Siku nyingi." Bando likaisha hapo hapo.

Afisa akafuta miwani iliyokuwa safi, akaniandikia hati ya dharura. Aliponikabidhi alisema, "Nimewapima watu wote kwa nchi ambayo haipo." Nilifika kwetu Ijumaa usiku. Suti niliipata, ingawa ilikuwa na vumbi mgongoni na mdogo wangu alininunia mpaka keki ilipokatwa.

Nimeifikiria sana kauli ile. Mtu akikaa nje miaka mingi, kwao humbakia kichwani vilevile alivyopaacha: walio hai hawafi, na barabara haitengenezwi. Mwenzetu huyu alikuwa akija likizo anaishia Dar es Salaam, rambirambi anatuma kwa simu, huku kazini anawahakiki wenzake. Mwaka uliofuata alikuja mpaka Chiwanda, na alipostaafu akajenga huko. Wenyeji walimwita mgeni kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa akipotea kwenda dukani. Hata hivyo barazani kwake pakageuka benchi jingine. Kila mwenye mtoto Afrika Kusini, au mume aliyevuka Msumbiji akanyamaza, alikwenda kwake. Aliwaeleza ofisi ipi waendee na karatasi gani waombe, na alipokuwa hajui alisema hajui, jambo ambalo wenye ofisi wengi wamelipeleka likizo ya kudumu. Mama mmoja alilia hapo kwa kuwa hakuweza kuelekeza alipo mwanawe hata kwa jina la mtaa. Marehemu alimwambia, "Basi mwelekeze yeye huku. Kila akipiga, mwambie kipi kimebadilika, asije akapotea akirudi."

Fundisho langu ni dogo, la dereva. Ukitaka kumjua mtu, mwulize njia ya kwao, umsikilize mpaka afike, lakini kabla ya kumwita mwongo jiulize ni lini wewe ulipita huko mara ya mwisho.

Tulimzika Alhamisi. Baada ya ugali wa muhogo tulikwenda makaburini, na binti yangu alikuja na mumewe, mtoto mgongoni. Jeneza likishushwa aliniinamia akauliza, "Baba, hivi marehemu ni nani kwetu?" Nikamnong'oneza, "Bila yeye, baba yako mdogo ndiye angekukabidhi." Akamtazama baba yake mdogo, aliyekuwa amejipanga mbele kabisa na wafiwa kama mtoto wa marehemu, na kicheko kikamponyoka. Mwanakwaya mmoja akamkata jicho. Akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika, watu wakadhani analia, wakampisha, na akawa wa kwanza katika familia yetu kutupia udongo.