Nyati Mwenye Pembe Moja

Enzi zetu pale Karama, mtaa wa ughaibuni kwa Waarabu, sisi watoto wa Kizanzibari tuliokulia ghorofani, wanyama tuliowajua ni wawili tu: paka wa jaani na kuku wa friza. Basi Ijumaa tukishamaliza biriani, mbio kwa jirani yetu Amina, tuliyemwita Khala, yaani mama mdogo, kuangalia mifugo.

Mifugo yenyewe ilikuwa kwenye shuka. Khala ni Mrohingya. Kijiji chao kilichomwa moto, wakakimbia na nguo za mwilini, wanyama wakabaki. Sasa alikuwa anawatarizi mmojammoja, na binti yake Salma, rika langu, aliyezaliwa ukimbizini, anafundishwa: huyu bata mwizi wa mchele, huyu mbuzi mla kanzu, huyu nyati jike anaitwa Kalu, pembe moja kaivunja kwa ugomvi wake mwenyewe.

"Ukiwasahau hawa," Khala alimwambia, "waliotuchoma watakuwa wamemaliza kazi."

Mama yangu yeye alikuwa mshona kofia. Na mshona kofia akiona ua upande mmoja, upande wa pili hamna, mwili mzima unamuwasha. Siku moja alikuwa anamsaidia Khala kumalizia ukingo wa shuka. Kwa nia njema kabisa, akamtia Kalu pembe ya pili! Khala aliifumua kwa meno, nyuzi zinamning'inia mdomoni kama anakula tambi.

"Dada, huyu nyati, siyo kofia!"

Tulicheka mpaka tukafukuzwa.

Wiki ileile akaja madam mmoja wa Al Warqa, mtaa wa majumba makubwa, anaitaka shuka aitandike kwenye majlis, sebule yake ya wageni. Akavua miwani.

"Mashallah, nzuri. Ila huyu kilema mtoe, weka ngamia. Wageni wangu wanapenda ngamia."

Khala akaikumbatia shuka. Nikamtazama Mama, yuleyule fundi wa pembe ya pili.

"Madam," Mama akasema, "huyu ana mwenyewe. Ngamia wamejaa huko jangwani, kachague. Yalla, chai inapoa."

Madam akaondoka mikono mitupu. Khala akachukua uzi mweusi, akamnenepesha Kalu mpaka bata akakosa pa kukaa.

Watoto wa siku hizi wana wanyama kibao kwenye simu. Paka anacheza dansi, wanamsukuma kwa kidole, kapotea, khalas. Jina lake hata hawaulizi. Mimi na Salma mpaka leo tukikutana kwenye metro tunagombana: Kalu alipenda maganda ya ndizi au ya tikiti? Watu wanageuka kututazama, tunavyopigiana kelele kwa ajili ya nyati ambaye hatukuwahi kumwona.