Tofali la Nje ya Kanisa

Huko Mwakitolyo nilikuwa naponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hakaribii duara, shimo lenyewe la kuchimbia, kwa sababu wanasema dhahabu itakimbia. Mimi nami, kwa ujinga wangu, nikaipeleka sheria hiyo hadi kanisani. Kila mwezi nilisalia nje, nimekaa juu ya tofali chini ya dirisha, nikiamini Mungu naye ananikimbia.

Jumapili moja nikamsikia mama mchungaji akisoma habari za yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akapenya umati na kugusa vazi la Yesu. Nikasubiri afukuzwe. Yesu akamwita binti, tena mbele ya watu wote! Nililia kwa hasira. Kumbe hakuna aliyenifukuza, nilijifukuza mwenyewe. Nikainuka vilevile nilivyo, nikaingia, nikakaa benchi la mbele.

Kesho yake nilikwenda kuchukua mawe. Msimamizi wa duara akanizuia.

“Dada, leo uko safi?”

“Sijui unachokiita safi,” nikamwambia. “Dhahabu yako ikitaka kukimbia, ikimbie. Aliyeiumba hanikimbii.”