Mabuti Yasiyopiga Magoti

Silvana alipopewa pikipiki ya kliniki ya mama na mtoto, kwanza aliipeleka parokiani ikanyunyiziwe maji ya baraka, halafu akaungua. Aliungua mguu wa kulia, kwa ndani, chini ya goti, pale mguu unapogusana na bomba la moshi. Alikuwa amepanda na gauni lake la kazi, kanga kiunoni na kandambili miguuni, kama mtu anayekwenda kisimani. Alikuwa amepanga chumba kwangu hapa mjini, mtaa wa Malangali, kwa hiyo kidonda kile nilikiosha mimi kwa maji ya chumvi, ingawa muuguzi ni yeye. Alikuwa akinifundisha namna ya kuosha huku anauma kitambaa.

Silvana ni Mfipa wa hapa hapa, mtoto wa mkulima wa ulezi. Masista walimsomesha uuguzi. Mumewe alifariki mapema, Mungu amrehemu, na watoto hawakujaliwa. Miaka ile watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na gari la kliniki siku nyingi lilikuwa halina mafuta, au lina mafuta na halina tairi. Ndipo ikaletwa pikipiki. Ndugu Ambilikile, Bwana Afya wetu, mtu wa Mbeya, alimfundisha kuiendesha kwenye uwanja wa mpira.

Alipouona ule mguu uliofungwa, hakumpa pole.

"Dada Silvana, pikipiki hii ofisini wanaume wanaililia. Ukianguka nayo hivyo ulivyovaa, mimi nitaulizwa. Nitampa mwingine."

"Na watoto wa upande wa Msanzi atawapima nani?"

"Ndiyo nakwambia vaa. Huyo mwingine hatapima mtoto. Atakwenda nayo kwa wakwe zake."

Hapo Silvana akakubali. Surua ilikuwa imepita mwaka ule, na alijua akinyang'anywa pikipiki, watoto wa vijiji vile watarudi kungojea gari.

Akaanza na suruali. Siku hizo mwanamke kuvaa suruali katika mji wetu lilikuwa neno la kuzungumzwa. Fundi cherehani alimpima kwa mbali, kama anapima ng'ombe mkali. Akamshonea suruali ya kaki nzito, pana, yenye kitambaa mara mbili magotini na makalioni, na Silvana akaivaa chini ya gauni. Jumapili, baada ya Misa, Cornelia, mwenyekiti wetu wa akina mama, akamsimamisha mlangoni mwa kanisa.

"Eti sasa tukuite Baba Silvana?"

"Niite tu, Mama. Ila ukiniita baba, mahari ya binti yako uniletee mimi."

Akina mama wakacheka mpaka Cornelia naye akacheka, ikaisha hivyo. Padri alikuwa amesikia. Alisema tu kwamba suruali iliyofunikwa na gauni haina kosa, na kwamba mguu nao Mungu ndiye aliyeuumba.

Koti alikwenda kulitafuta sokoni kwenye kafa-ulaya, zile nguo za mitumba, nami nikamsindikiza. Akaliona moja la sufu, jekundu, zuri sana, lina vifungo kama peremende. Ndugu Ambilikile alikuwa amemwonya: koti la sufu likinyeshewa linakuwa zito kama gunia la maji, na ukiburuzika barabarani linachanika mara moja. Koti la pikipiki usilichague kwa macho, livute mshono. Basi akaliacha lile jekundu, akaanza kuvuta mishono ya makoti mengine mpaka muuzaji akamuuliza kama amekuja kununua au kuharibu. Alipopata moja la turubai, la rangi ya kijani iliyopauka, akakaa juu ya gunia la maharage, akanyoosha mikono mbele kana kwamba ameshika usukani. Watu wakakusanyika.

"Dada, unakwenda wapi na gunia hilo?"

"Namanyere. Panda nyuma!"

Lakini hakuwa anacheza. Koti ukilijaribu umesimama, mikono inatosha. Ukishika usukani mikono inarudi nyuma, na baridi ya mwezi wa sita katika nchi yetu ya juu inaingilia hapo kwenye kifundo cha mkono mpaka begani. Lile la turubai lilifika mpaka kwenye vidole. Glavu alipata za ngozi, za wajenzi. Kofia ngumu ilikuja pamoja na pikipiki. Kifuani, ndani ya koti, alikuwa anatandika gazeti, maana upepo haupiti kwenye karatasi, na akifika anakokwenda analitoa, analisoma.

Kilichobaki ni miguu. Dukani kulikuwa na mabuti ya mpira tu. Akayajaribu, akayarudisha: mpira ukigusa bomba la moto unanata, na ndani mguu unacheza, pikipiki ikikulalia kifundo cha mguu kinapinda buti likiwa limesimama. Ndipo Padri akamkumbuka Bruda mmoja aliyefariki, mjenzi wa makanisa, ambaye alikuwa anazunguka na pikipiki ya misheni. Mabuti yake yalikuwa bado stoo. Ya ngozi nene, meusi, yanafika chini kidogo ya goti, magumu kama ndoo. Silvana akayajaza pamba mbele kwa sababu Bruda alikuwa na mguu mrefu, akayapaka mafuta, akayavaa. Kuyavua ilitaka mtu wa pili, huyu anashika kiti, yule anavuta. Mvutaji nilikuwa mimi.

"Haya ndiyo," Ndugu Ambilikile alisema, akiyagonga kwa fimbo. "Haya hata jiwe liyaangukie."

Safari ya kwanza na mabuti yale ilikuwa kijiji kimoja kipya cha ujamaa, mbele ya Msanzi, ambako alikuwa amewahi kufika kabla ya mabuti. Wazee walikuwa wamekaa nje ya ghala la kijiji wanamngoja, na pembeni akina mama na watoto wao, wengi. Kwetu mwanamke akimsalimu mkubwa hapiti hivi hivi. Anapiga goti, anakunja viganja kidogo, anapiga makofi taratibu, na mkubwa anaitikia kwa makofi. Silvana alifundishwa hivyo kabla hajajua kuhesabu. Akashuka, akataka kupiga goti. Buti likakataa. Kwenye kifundo halikukunjika, na ukingo wa nyuma ukamchoma chini ya paja. Akajaribu mguu wa pili, vile vile. Basi akainama kidogo, akapiga makofi akiwa wima, akatabasamu. Wazee wakaitikia. Akapima watoto, akachanja, akaaga.

Njiani kurudi, kwenye mchanga wa mtoni, gurudumu la mbele likateleza na pikipiki yote ikamlalia mguu. Alitambaa akatoka. Buti lilikuwa limekwaruzika mpaka ngozi imekuwa nyeupe, na ndani mguu haukuwa hata na alama. Alifika nyumbani, tukasali pamoja kushukuru. Nikamvua mabuti, nikayabusu, sisemi uongo.

Mwezi uliofuata alikwenda tena. Wazee walikuwapo. Akina mama walikuwa wachache sana, na waliokuja walisimama mbali. Akadhani ni shamba, lakini shambani hakukuwa na kazi kubwa. Safari ya tatu hakukuja mama hata mmoja. Alikuwapo Bibi Kalista, mkunga wa kienyeji wa kijiji kile, amekaa peke yake kizingitini pa ghala anachambua maharage.

"Shikamoo, Bibi," Silvana akasema, amesimama.

"Marahaba, askari."

"Bibi, mimi ni Silvana wa kliniki."

"Silvana nilimjua. Alikuja hapa na kandambili, akapiga goti kwenye vumbi mbele yangu. Wewe unanisalimu kutoka juu."

"Ni mabuti, Bibi. Hayakunjiki."

"Naona ni mabuti." Bibi Kalista akapuliza maganda. "Waliotuhamisha kule kwetu nao walikuwa na mabuti. Walisimama hivyo hivyo, mlangoni, wakasema mama toa vyombo. Wanawake wamekuona wewe umesimama hivyo hivyo, na koti la kijani. Wanaogopa. Hizo sindano zako sasa wanasema ni za kuwaandikisha watoto, ili nao wahamishwe."

Silvana aliniambia kwamba hapo alitaka kulia, akakumbuka yuko kazini.

Akarudi mjini akamweleza Ndugu Ambilikile. Aliomba ruhusa ya kuvaa viatu vya kawaida akienda kijiji kile tu.

"Hapana."

"Ndugu, hawaji. Nikienda na mabuti ni sawa na kutokwenda."

"Na mguu ukivunjika utawapigia goti gani? Umeanguka ukaona mwenyewe. Waelimishe. Waambie ni vifaa vya kazi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kumbeba mwenzake aliyevunjika mguu katika ajali ya pikipiki, na alichokiona hakumsimulia mtu. Lakini Silvana alijua kwamba salamu huwezi kuifanyia mkutano wa kuwaelimisha watu. Ama umesalimu, ama hukusalimu.

Akayafunga mabuti kwenye kanga, akayapeleka kwa Beda, fundi viatu wa karibu na stendi.

"Fundi, nataka yapige goti."

"Buti lipige goti?"

"Tazama." Akapiga goti pale kwenye vipande vya ngozi, pekupeku, akakunja viganja, akapiga makofi. Beda, ambaye alikuwa na misumari mdomoni, akajikuta anapiga makofi kuitikia, misumari ikadondoka. Akacheka kwa aibu.

"Basi kaa hapo hapo, usiinuke."

Akamfanya abaki amepiga goti, akalipima buti kando ya mguu wake, akachora kwa chaki mahali mguu ulipokunjika. Nyuma ya goti akaushusha ukingo kiganja kizima. Mbele, kwenye mfupa, akaiacha ile ngozi ngumu ya Bruda kama ilivyokuwa. Kwenye kifundo akakata, akaweka ngozi laini ya mbuzi yenye mikunjo. Ubavuni akatoboa njia ya kamba, ili yavulike bila kuvutwa.

"Ila nikwambie kweli, dada. Hapa kwenye kifundo nimeyapunguzia nguvu. Pikipiki ikikulalia vibaya, hayatakuwa yale ya kwanza."

"Mbele yatazuia?"

"Mbele yatazuia."

"Basi. Kifundo nitakiombea."

Ndugu Ambilikile alipoyaona alikibonyeza kile kifundo kwa kidole gumba, akasema mtu ameharibu kitu kizuri. Mpaka leo anasema hivyo. Lakini pikipiki hakuichukua.

Silvana akaenda. Lile koti la kijani alilivua akiwa bado njiani, akalifunga nyuma. Bibi Kalista alikuwa kizingitini na wanawake wawili watatu. Silvana akaenda mbele yake, mabuti yakalia kwee, akapiga goti vumbini, akapiga makofi.

Bibi Kalista hakumwinua. Aliitikia, kisha akaanza kumuuliza habari. Za nyumbani. Za mama yake. Za ulezi wa mama yake. Kama kule kwao mvua ilinyesha. Kama shangazi yule aliyekuwa anaumwa mguu amepona. Silvana akajibu moja moja, yuko chini, kifundo kinauma kwenye mshono mpya. Wale wanawake wakatazama. Mwishowe Bibi Kalista akanyoosha mkono, akaminya ile ngozi laini.

"Ya mbuzi hii."

"Ya mbuzi, Bibi."

"Mmh." Akageukia nyumba za nyuma ya ghala, akapaza sauti kwa Kifipa kwamba kliniki imekuja, wamlete na yule mtoto wa Dominika anayekohoa.

Silvana akainuka, akajipangusa magoti, akatundika mizani kwenye boriti.