Vijiko Mbili kwa Mama

Nianze na haya yangu, bachekaji bacheke mapema: minyi njo nilikuwa natia sukari mu dawa ya bugonjwa ya sukari. Vijiko mbili kila asubui, mu kikombe ya mama yangu. Mwezi muzima. Kisha nikapanda treni kwenda kugombeza mama mwenye alitupatia majani ya ile dawa.

Kamina, ku dispensaire. Kidonda ya muguu ya mama haikauke. Muganga anapima damu, anatikisa kichwa: «Sukari inapanda tu. Ikiendelea hivi, muguu tutakata.» Na mama iko muimbaji wa chorale ya kanisa, anaimbaka na miguu yote mbili! Nikasema: majani ya Mama Kabange ni ya bongo, anatudanganya, naenda kwake ku Luena. Masomo niliachaka mu sixième ya primaire, lakini ya kugombana niko na diplôme.

Mu treni nilikuwa narudilia magomvi yangu na sauti, mpaka mama moja wa kikapo ya samaki akaniuliza: «Papa, uko na kesi ku tribunal?» Ku Bukama tukavuka muto Lualaba. Kasirani yangu ilikuwa ingali moto.

Luena, saa kumi na mbili ya mangaribi. Mama Kabange, mujane wa cheminot, mutu wa kazi ya treni, iko anamwangilia maji majani yake nyuma ya nyumba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

«Dawa ya dispensaire, mama yako anaikunywa?»

«Anakunywa.»

«Asiachake. Majani yangu inasaidia tu, haikamate nafasi yake. Bon, pikako hapa, nione.»

Nikachemusha, nikachuja muzuri, nikanyoosha mukono: «Mama, sukari iko wapi?»

Akatua ndoo ya maji.

«Sukari ya nini, papa?»

«Iko machungu sana. Mama yangu anakunjaka uso. Minyi siwezi kuangalia.»

Akafunga kinywa na kitambaa, akacheka mpaka akaikala chini. Kisha akapanguza macho. «Kwa mama yako muko bangapi?»

«Minyi peke.»

Akanijazia mufuko ya majani: «Bila sukari, papa.»

Kamina, kurudia. Nikapiga magoti mbele ya mama, nikamuambia yote.

«Nilijua,» akasema. «Ulimi yangu haiyakufa.»

«Sasa mbona ulinyamaza?»

«Dunia yote inanikatalia sukari, weye unaniletea na mikono mbili. Ningefanya namna gani?»

Akakamata kikombe ya machungu, akakunywa, akakunja uso sawa mutoto. Nikaangalia mpaka mwisho.

Sasa kipimo imeshuka kidogo, na kidonda inaanza kukauka pembeni. Muganga anasema ni dawa yake. Mama anasema ni Mungu. Minyi nasema ni vile minyi niliacha kutia sukari.

Nilipohadisia rafiki yangu Banza, hakucheka, na Banza anachekaka ata ku matanga. Akaniangalia murefu, akasema: «Weye unamupenda mama sana. Njo maana kuanzia kesho, dawa ni minyi nitachemusha.»